NATI ILIYOLEGEA NI YA NANI?

Ndugu wafanyakazi wenzangu wa viwandani na wa mashambani,

Pengine baadhi yenu mtashangaa kukuta katika ukurasa huu wa Chama maneno juu ya waya wa betri ya boti. Mtasema: Bugarama haina ziwa, sisi wa bondeni ni watu wa saruji na watu wa mpunga, boti ni mambo ya wenzetu wa Kamembe. Ni kweli. Lakini ni nani kati yetu asiye na shangazi kisiwani Nkombo, au shemeji Bukavu, au mtoto aliyeolewa upande wa ziwa? Siku ya harusi na siku ya matanga sote tunapanda boti. Tena betri inayoamsha mashine ya boti ni ndugu wa betri iliyomo katika lori linalobeba saruji, katika trekta, katika jenereta ya kiwanda cha chai na katika pikipiki ya kijana anayetupeleka nyumbani jioni. Anayeijua moja anazijua zote.

Nina sababu nyingine ya kuandika. Nimeona mfanyakazi akikatwa mshahara kwa ajili ya nati moja. Jambo hilo ni la Chama.

ILIVYOKUWA

Ilikuwa Jumapili, tukitoka matangani. Tulikuwa watu kumi na wanne katika boti ya mbao, na nyuma imefungwa mashine ya nguvu ya farasi 40, ile ya kuwashwa kwa umeme. Dereva alikuwa kijana wa miaka ishirini hivi. Tulipofika katikati, kipande cha wavu wa wavuvi kilijizungusha katika panga za mashine. Kijana akazima, akainua mashine, akakata wavu kwa kisu. Alifanya vizuri. Lakini alipotaka kuwasha tena, mashine ilijibu neno moja tu: tak! Akarudia. Tak! Kamba ya kuvutia kwa mkono haikuwamo botini. Kasia lilikuwa moja. Upepo ukaanza kutusukuma kwenye mawe, na akina mama wakaanza kusali kwa sauti.

Kati yetu alikuwamo mzee mmoja aliyeendesha malori kwa miaka mingi. Hakuuliza kitu. Alikwenda nyuma, akawaomba watu wasogee mbali na pipa la petroli, akafungua kifuniko cha sanduku la betri. Alishika tominali ya upande wa hasi kwa vidole viwili, nayo ikazunguka kama pete katika kidole cha mtu aliyekonda.

"Kijana wangu," akasema, "betri yako haijafa. Imezibwa mdomo tu. Spana iko wapi?"

"Spana iko nyumbani kwa bosi, mzee. Anasema tukikaa nayo huku itaibwa. Nimemwomba mara tatu."

Mzee alivua tominali, akakwangua kwa kisu ndani yake na juu ya kichwa cha betri mpaka risasi ikang'aa, akairudisha na kuikaza kwa kabari ya kipande cha bati. Hayo si matengenezo, ni kujiokoa, naye mwenyewe alisema hivyo. Mashine ikaitika mara ya kwanza. Tulifika pwani giza limeshaingia.

Pwani alikuwapo mwenye boti. Alipoambiwa mashine ilikataa kuwaka, hakuuliza juu ya nati. Alisema betri ilikuwa mpya, kijana ameiua kwa uzembe, na bei yake itatoka katika mshahara wake. Sisi abiria tulipiga kelele, hatukusikilizwa. Baadaye nilipata habari kwamba kijana alikatwa kweli. Betri nayo ilipelekwa kwa fundi ikapimwa, ikakutwa nzima.

KWA NINI BETRI NZIMA HUSINGIZIWA UGONJWA

Hapa lazima tuelewe kazi ya umeme, maana mtu asiyejua hupokea lawama isiyo yake.

Betri ya volti 12 iliyochajiwa vizuri, ukiipima imekaa kimya, huonyesha volti 12.6 hivi. Taa itawaka, honi italia. Kwa hiyo mtu husema, "Waya hauna neno." Lakini taa na honi hunywa umeme kidogo tu. Stata ndiyo mnywaji mkubwa. Tuseme stata inataka ampea 150. Tuseme tena kwamba pale tominali ilipolegea pameingia upinzani mdogo sana, sehemu moja ya mia ya omu. Zidisha 150 kwa 0.01, utapata volti 1.5 zinazopotelea hapo hapo njiani. Betri nayo inapobeba mzigo wa stata hushuka yenyewe mpaka volti 10 au 11. Ukiitoa tena hiyo moja na nusu, stata inabaki na njaa. Husema tak! na kunyamaza.

Na umeme uliopotea haupotei bure, hugeuka kuwa joto. Kwa hesabu ile ile, joto lililo mahali pale padogo kama kidole gumba ni wati 225. Kumbukeni balbu za zamani za wati 60: ni karibu balbu nne, zimebanwa katika nati moja, ndani ya boti ya mbao, karibu na petroli. Ndiyo maana boti nyingine huungua bila mtu kuwasha kiberiti.

Kuna hasara ya tatu. Mashine inapokuwa inazunguka, yenyewe huirudishia betri umeme. Waya ukiruka wakati huo, umeme ule hukosa pa kwenda, na mara nyingi huunguza kile kifaa cha kuchaji kilichomo ndani ya mashine. Kwa nati iliyolegea unaweza kununua sehemu ya mashine yenye bei kubwa kuliko betri.

Kwa nini hulegea? Mashine hutetemeka mchana kutwa, na boti hupigapiga juu ya mawimbi. Risasi ya kichwa cha betri ni madini laini, ikibanwa hunywea polepole. Mvuke wa tindikali hutoka kwenye betri na kula shaba, ndipo huota ule unga mweupe au wa kijani mnaoujua. Maji nayo hupenya ndani ya waya kwa nyuzi zake, na shaba hugeuka nyeusi chini ya mpira bila mtu kuona. Sisi wa Kivu tuna bahati kwamba ziwa letu halina chumvi ya bahari. Wenzetu wa Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam chumvi huwalia waya upesi zaidi. Lakini tetemeko ni lile lile, na tindikali ni ile ile.

NAMNA YA KUIFANYA KAZI

Betri ya namna hii ilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859. Tangu wakati huo imebadilika mengi, lakini kanuni za kuifunga ni chache na hazina siri. Nawaomba vijana wazishike.

Kwanza zima kila kitu, fungua sanduku upepo uingie, na asiwepo mtu wa sigara. Betri inayochajiwa hutoa hewa ya hidrojeni, nayo ikifika asilimia 4 tu ya hewa iliyopo, cheche moja inatosha kuilipua. Ndiyo sababu hatupimi betri kwa kugonganisha waya.

Pili, ondoa hasi kwanza, na wakati wa kurudisha, hasi iwe ya mwisho. Wengi husema hivyo bila kujua maana yake. Maana yake ni hii: hasi imeunganishwa na mwili wa mashine. Ukianza na chanya, na spana yako ikagusa chuma cha mashine, umeme wote wa betri utapita katika spana. Hasi ikishatoka, hata spana ikigusa, hakuna njia.

Tatu, safisha. Kijiko kikubwa cha soda ya kuokea katika kikombe cha maji huua tindikali, utaona povu. Usiache maji hayo yaingie ndani ya betri. Kausha, kisha sugua kwa brashi ya waya au msasa pande zote mbili zinazogusana, mpaka zing'ae. Kinga macho yako, kwani tindikali haina huruma.

Nne, funga. Waya uwe na kichwa cha shaba kilichobanwa kwa koleo lake, si nyuzi zilizosokotwa na kuzungushwa. Vichwa vikiwa vingi katika boliti moja, mkubwa ukae chini, na mdogo juu. Weka washa ya springi, kisha nati ya pembe sita inayokazwa kwa spana. Zile nati za masikio zinazokazwa kwa vidole ziacheni kwa taa ndogo. Kwa waya wa stata ni adui, maana vidole havina nguvu ya kuzikaza, na tetemeko huzifungua. Lakini usikaze kwa hasira wala kupiga nyundo: risasi ni laini, kichwa kikipasuka betri imekwisha.

Tano, paka grisi baada ya kukaza, si kabla. Chuma kiguse chuma, grisi ifunike nje. Funika chanya kwa mpira. Funga betri yenyewe kwa mkanda isitembee, na waya ufungwe karibu na betri, ili boti ikiruka waya usivute tominali. Fyuzi za taa na pampu zikae karibu na betri.

Mwisho, jaribu. Shika kila waya, uvute na kuuzungusha kwa mkono. Ukisogea hata kidogo, kazi haijaisha. Mwenye mita ya volti aweke sindano moja juu ya kichwa cha betri chenyewe na nyingine juu ya tominali, mwenzake awashe. Mita ikae karibu na sifuri. Ikipita volti 0.2, hapo pana mwizi.

Kukagua kwa asubuhi, kifuniko kikifunguliwa na mkono ukivuta, ni dakika mbili. Kusafisha kote ni nusu saa, labda mara moja kwa mwezi. Mnaona jinsi ilivyo kazi ndogo.

BASI NATI NI YA NANI?

Sasa narudi kwenye swali langu. Mwenye boti alisema: nati ni ya kijana, maana ndiye dereva. Mimi nasema: nati ni ya yule aliyefungia spana nyumbani kwake.

Nitawatendea haki waajiri, maana hoja zao nazijua. Wanasema zana huibwa. Kweli huibwa. Lakini spana mbili, namba 10 na namba 13, ambazo zinatosha kwa betri nyingi, zinaweza kufungwa kwa mnyororo ndani ya boti, kama tunavyofunga nanga. Bei yake haikaribii bei ya betri, wala ya roho za watu kumi na wanne. Wanasema wafanyakazi hawajali. Wapo wasiojali. Lakini mtu hapimwi kujali kwake kabla hajapewa kitu cha kufanyia kazi, na muda wa kuifanya. Kijana yule alianza safari ya kwanza alfajiri na kumaliza ya mwisho usiku. Dakika zake mbili zilikuwa wapi?

Liko jambo zito zaidi, nalo ndilo kiini cha maneno yangu. Mfanyakazi anayekatwa mshahara leo kwa sababu mashine ilikataa, kesho akiona waya umelegea atanyamaza. Atasema moyoni, "Nikitaja, nitalipa mimi." Ataubana kwa kamba, atafunika, ataomba Mungu. Hivyo ile adhabu iliyowekwa ili kulinda betri ndiyo inayoficha ugonjwa wa betri, mpaka siku ya mawimbi. Mwajiri anayetaka vyombo vyake vidumu, na aanze kwa kumshukuru anayeleta habari ya nati iliyolegea.

Tusiseme haya ni maneno ya Chama tu. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa Geneva mwaka 1981, unasema katika kifungu cha 21 kwamba hatua za usalama kazini hazitamgharimu mfanyakazi. Kifungu cha 13 kinasema mfanyakazi aliyejiondoa katika kazi kwa sababu ya haki ya kuamini kwamba ina hatari kubwa iliyo karibu, alindwe asipate madhara. Mwezi wa Juni 2022 mkutano mkuu wa Shirika hilo uliingiza usalama na afya kazini katika haki za msingi za wafanyakazi, zinazozibana nchi zote wanachama, ziwe zimetia sahihi mkataba au hazijatia. Spana ni hatua ya usalama. Dereva anayesema "sitoki pwani mpaka waya ukazwe" ana haki, si mkaidi.

NASI TUJIKOSOE

Lakini haingekuwa haki kuwanyooshea waajiri kidole na kujisahau. Mara ngapi tumepanda boti tukisema "tutafika tu"? Mara ngapi abiria tumemharakisha dereva, na yeye ana mkono kwenye kifuniko cha betri? Mara ngapi sisi mafundi tumesokota waya kwa kiganja, tukasema ni kwa leo tu, na leo hiyo ikawa miezi sita? Wako pia wanaoazimana spana na kutoirudisha. Huyo anampa mwajiri sababu ya kufunga kabati.

Ziwa Kivu halina mzaha. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ilizama karibu kabisa na kufika Goma, watu wakiwa pwani wanaitazama, na makumi walikufa. Ile haikuwa habari ya betri. Ilijaza watu kupita kiasi. Lakini inatufundisha kwamba hata mita chache kabla ya kufika, chombo kinachoshindwa hakina rehema. Boti iliyojaa ambayo mashine yake imezimika upepo ukivuma, hiyo ni misiba miwili inayotafutana.

Wafikirieni pia wavuvi wetu wa sambaza, wanaotoka jioni na mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu. Zamani walivutia samaki kwa taa za mafuta ya taa. Siku hizi wengi hutumia taa za betri. Tominali ikilegea usiku wa manane, taa huzimika, sambaza hutawanyika, na wavuvi waliokuwa wakilipwa kwa fungu la samaki hurudi na fungu la maji. Hakuna aliyewaandikia barua ya kukatwa mshahara, lakini wamekatwa.

TUNAYOYATAKA

Napendekeza matawi yetu yazungumze mambo haya, na kila kamati ya usalama, iwe ya kiwanda, ya shamba au ya chama cha ushirika, iyapeleke kwa uongozi kwa maandishi:

1. Kila boti, lori, trekta, pampu na jenereta yenye betri iwe na spana zake, brashi ya waya na grisi, na vikae pale pale kwenye chombo.

2. Kila chombo kiwe na mtu mmoja anayejulikana kwa jina kuwa ndiye mkaguzi wa betri, naye apewe muda wa kazi hiyo ndani ya saa zinazolipwa.

3. Kiwepo kitabu. Anayeona kasoro aandike, na anayeitengeneza aandike. Siku ya lawama kitabu kiseme.

4. Mtu asikatwe mshahara kwa kifaa ambacho hakijapimwa na fundi mbele ya mwakilishi wa wafanyakazi.

5. Boti ibebe makasia mawili, kamba ya kuvutia mashine pale mashine inapokubali kuvutwa, na jaketi la kuokolea kwa kila abiria.

Hakuna hapo jambo linalohitaji mtaalamu wa kutoka Ulaya. Wazee walisema mdharau mwiba mguu huota tende. Mwiba wetu ni nati, na ukubwa wake ni kama ukucha.

Kijana yule nilimkuta tena, anaendesha boti ya mtu mwingine. Alikuwa na spana mfukoni, aliyoinunua kwa fedha zake. Alinionyesha akicheka. Mimi sikucheka. Spana ile ilikuwa deni letu sote: mwajiri hakuitoa, na Chama hakikuidai. Safari ijayo tuidai kabla boti haijaondoka.

Umoja ni nguvu.